Nani Atamrithi Mbwa? Msamiati wa Mirathi ya Kiswahili na Wanyama wa Michezo ya Mtandaoni



Mtu anapofariki, walioachwa huketi na kuorodhesha alichoacha: nyumba, shamba, fedha zilizo benki, vyombo, mifugo na madeni. Kila kimoja katika orodha hiyo kina jina lake katika Kiswahili, na kina kitenzi cha kueleza jinsi kinavyotoka kwa marehemu na kufika kwa aliye hai. Mhadhara huu unahusu kitu ambacho kimeanza kuingia katika orodha hizo bila kitenzi cha uhakika, nacho ni mnyama aliyefugwa ndani ya mchezo wa kompyuta.

Michezo inayokusudiwa hapa ni ile ya kuigiza wahusika mtandaoni, ambamo maelfu ya watu huishi kwa pamoja katika nchi ya kubuni, kila mmoja akiwa na mhusika wake. Ultima Online ilifunguliwa mwezi Septemba 1997, RuneScape mwaka 2001, na World of Warcraft mwezi Novemba 2004. Zote tatu zingali zikichezwa. Mtu aliyeanza ya kwanza akiwa na miaka arobaini sasa anakaribia sabini. Mifugo aliyoikusanya kwa muda wote huo, farasi, paka, mbwa na majoka, haizeeki pamoja naye. Kwa hiyo swali la nani ataichukua si la kifalsafa. Ni swali la mjane, la mtoto, la rafiki aliyecheza na marehemu kila usiku kwa miaka kumi, na mara nyingi jibu lake hutolewa na mkataba ambao marehemu aliukubali kwa kubonyeza kitufe pasipo kuusoma.

Dai la mhadhara huu ni moja. Mabishano yaliyozuka juu ya wanyama hawa katika lugha za Ulaya yametokana kwa kiasi kikubwa na kuchanganya mambo ambayo Kiswahili, kwa msamiati wake wa zamani, huyatenganisha. Istilahi zinazotafutwa zipo. Kazi ya mwanaisimu ni kuzichagua ipasavyo, kwani zikichaguliwa vibaya zitamfanya aliyefiwa adai asichokuwa nacho, au aache kilicho chake.

Upatanisho wa kisarufi

Kabla ya kuuliza mnyama huyu anarithiwaje, yafaa kuuliza yeye ni nani katika sarufi. Vitabu vya sarufi vinaafikiana kwamba nomino inayotaja kiumbe chenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA, liwe lolote umbo lake: kifaru ametoka, kiboko amelala, mbwa wamebweka. Je, mbwa wa mchezoni ana uhai? Hapumui, hali kitu ambacho kingeweza kupimwa kwa mizani, na umeme ukikatika hayupo. Hata hivyo hakuna msemaji wa Kiswahili atakayesema "mbwa yangu ya mchezo imenifuata" pasipo kuwakwaza wasikilizaji wake. Atasema mbwa wangu amenifuata, kama vile mtoto anayeonyeshwa picha ya simba kitabuni asemavyo "simba huyu", wala si "simba hii", ingawa anajua fika kwamba anaigusa karatasi. Mwanasesere naye huvunjika mkono kwa upatanisho wa kiumbe hai. Sanamu haipewi heshima hiyo, kwa sababu jina lenyewe hutaja umbo wala halimtaji aliyeumbwa. Inaelekea basi kwamba Kiswahili huupa uhai wa kisarufi mfano wa kiumbe, ili mradi uitwe kwa jina la kiumbe chenyewe.

Lakini kuna nyufa. Joka, mnyama anayetamaniwa sana katika Ultima Online, ni nomino ya ukubwa, na ukubwa una kawaida ya kumrudisha kiumbe katika ngeli ya LI-YA: joka langu limefutwa. Kipenzi, neno linalopendekezwa mara kwa mara kwa mnyama wa kufugwa nyumbani, huvuta pande mbili ndani ya sentensi moja: kipenzi changu amepotea. Kivumishi kimilikishi kinamshika mnyama kama kitu, na kitenzi kinamwachia kama nafsi. Mwanafunzi wa sarufi ataziona sentensi hizo kuwa ni za kawaida. Mwanasheria angezifikiria kwa muda mrefu zaidi, kwa maana ndani yake umo mgogoro wote: kinachomilikiwa, na anayekwenda.

Tena kuna kitenzi kufuga. Lugha kadhaa zina neno moja la kumfanya mnyama wa mwituni amzoee mtu, na jingine la kumtunza akishazoea. Kiswahili kina neno moja kwa yote mawili. Anayefuga ni yule aliyemtiisha mnyama na ambaye leo asubuhi amempa chakula. Akiacha kumpa, ufugaji wenyewe umekwisha, hata kama umiliki umebaki. Tofauti hii ya kufuga na kumiliki ndiyo itakayofungua sehemu zilizobaki.

Kitenzi kurithi na jamaa zake

Kurithi ni mkopo kutoka Kiarabu, nao umekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu kiasi cha kunyambuliwa kwa kila namna: kurithisha, kurithiwa, kurithishwa, kurithishana, kurithika. Kinachovutia ni maana zake. Zipo tatu, na wazungumzaji huzitumia pasipo kuzichanganya.

Maana ya kwanza ni ya mali. Kitu hutoka mkononi mwa marehemu kikaingia mkononi mwa mrithi: amerithi shamba. Maana ya pili ni ya nafasi. Hakuna kitu kinachohama, bali mtu ndiye anayeingia pale alipokuwa mwingine: amerithi kiti cha babake, amerithi ukadhi. Maana ya tatu ni ya kile kinachomjia mtu pasipo kukabidhiwa na yeyote: amerithi hasira za mamake, amerithi jina, amerithi mizimu ya ukoo. Katika maana hii ya mwisho wosia hauna kazi. Nyanya hawezi kuandika mbele ya mashahidi kwamba hasira zake zimfikie mjukuu wa pili. Na wale wanaosadiki habari za mizimu husema kwamba mizimu ndiyo inayomchagua mrithi, wala si mrithi anayeichagua.

Kauli ya kutendwa huongeza ugumu. Mali hurithiwa, marehemu naye hurithiwa, yaani huachiwa warithi, na mjane, katika mila za jamii nyingi za Afrika Mashariki, naye alisemwa kuwa amerithiwa, akiwa ni mtu mzima anayehamishwa kwa kitenzi kilekile cha shamba. Matumizi hayo yameleta ubishi wa haki, na ni vyema yalivyoleta, kwa kuwa yaliweka wazi kwamba kitenzi hiki hakiulizi kama anayerithiwa amekubali. Ng'ombe wamerithiwa ni sentensi isiyomshtua mtu. Mbwa aliyelala mlangoni siku arobaini akimngoja bwana wake amerithiwa na nani? Hapo msemaji husita, na aghalabu hubadili kitenzi: mbwa amechukuliwa na kaka yake marehemu, au anatunzwa naye.

Kwamba wanyama si mali kama mali nyingine si wazo geni katika eneo hili hata kwa watunga sheria. Sheria ya Urithi ya Kenya ya mwaka 1972 iliiacha mifugo ya wilaya kadhaa za wafugaji, miongoni mwazo Turkana, Marsabit, Samburu, Kajiado na Narok, nje ya kanuni za jumla za kugawa mali ya aliyefariki bila wosia, ikaiachia mila za wenyewe. Sababu zake zilikuwa za kijamii, wala hazikumhusu mnyama kama nafsi. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba sheria ya kisasa iliwahi kulifikia zizi ikasimama mlangoni.

Jinsi mnyama anavyokabidhiwa katika Ultima Online

Kati ya michezo iliyotajwa, Ultima Online ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi kwa mwanaisimu, kwa sababu ndani yake mnyama huendeshwa kwa maneno. Mchezaji huandika jina la mnyama wake na kufuatisha amri: nifuate, kaa, linda, shambulia. Amri hizo ni za Kiingereza. Jina ni hiari ya mwenyewe, na hakuna kinachomzuia mchezaji wa Mombasa kumwita joka lake Mkunazi.

Miongoni mwa amri hizo ipo ya kumkabidhi mnyama kwa mtu mwingine. Mwenye mnyama hutamka jina na amri, akamwonyesha mpokeaji. Hufunguka dirisha la mabadilishano, na pande zote mbili hutakiwa kuridhia. Hadi hapo ni biashara ya kawaida. Lakini mchezo huweka sharti jingine. Mpokeaji asiyekuwa na ustadi wa kutosha wa kufuga, kiasi kwamba mnyama hatamtii, makabidhiano yanakataliwa, na ujumbe unaotokea hauzungumzii kanuni wala hesabu. Unasema kwamba mnyama hamkubali mtu huyo kuwa bwana wake kwa kuwa hamwamini.

Wanafunzi wa fikihi wataitambua sura ya jambo hili mara moja. Hiba, yaani zawadi itolewayo na mtu angali hai, husimama juu ya tamko la mtoaji, kukubali kwa mpokeaji, na kukabidhiwa kwa kitu chenyewe; kitenzi kukabidhi kinatokana na shina lilelile la istilahi ya sharti hilo la mwisho. Yote matatu yamo katika dirisha la Ultima Online. Mchezo umeongeza la nne, ridhaa ya kinachotolewa, ambalo hakuna faqihi aliyepata kulihitaji kwa shamba au kwa kitara.

Kuna zaidi. Mnyama aliyelishwa na kutunzwa kwa muda na bwana mwenye ustadi unaotakiwa hufungamana naye, na tangu hapo akiuawa anaweza kufufuliwa. Akikabidhiwa kwa mtu mwingine, mfungamano huo huvunjika. Bwana mpya hana budi kuanza kumlisha upya ili ujengeke tena. Na mnyama asiyelishwa hupungukiwa na utii hadi akaasi na kurudi mwituni, akawa wa yeyote atakayeweza kumtiisha. Umiliki umekabidhiwa siku moja, ufugaji haukukabidhiwa hata kidogo. Kwa maana ya kwanza ya kurithi, mpokeaji amepata mnyama mzima. Kwa maana ya tatu, bado hajapata kitu.

Yote haya, hata hivyo, hufanyika mtoaji akiwa hai na akiwa mbele ya kibodi. Mchezo haukumpa marehemu amri yoyote. Akifa, wanyama walio zizini hubaki zizini, na akaunti isipolipiwa nyumba yake huchakaa mpaka ikaanguka, vilivyomo vikatapakaa ardhini vikachukuliwa na wapita njia wanaozijua vizuri siku za maanguko. Huo ndio utaratibu pekee wa mirathi uliomo ndani ya mchezo wenyewe, nao ni wa kunguru.

World of Warcraft na mtu anayejirithi

World of Warcraft ilichagua njia nyingine. Kitu chenye thamani kikishavaliwa hufungwa kwa nafsi ya mhusika, hakiuzwi wala hakitolewi tena. Wanyama wadogo wa kuandamana na mchezaji walikuwa hivyo kwa miaka minane: aliyejifunza kumwita paka ni mhusika mmoja, na mhusika mwingine wa mchezaji yuleyule hakuwa na paka. Mwaka 2012 kanuni ikabadilishwa, wanyama wakawa wa akaunti nzima. Mchezaji anayemwacha mhusika wake wa zamani na kuanzisha mpya humkuta huyo mpya amezaliwa na kundi zima la wanyama. Tangu mwaka huohuo baadhi ya wanyama huweza kutiwa katika kizimba na kuuzwa au kupewa mtu mwingine. Wengine hawatiwi kizimbani kamwe.

Kabla ya hapo, mwaka 2008, mchezo ulikuwa umeleta aina ya silaha na mavazi yaliyopewa jina la vitu vya ukoo, vile ambavyo babu humwachia mjukuu. Vilifungwa kwa akaunti, na mhusika mkubwa aliweza kumpelekea mdogo. Ila wahusika wote hao ni wa mtu mmoja. Mrithi na mrithiwa wanakaa kwenye kiti kimoja na kunywa chai ya kikombe kimoja. Kanuni za mnyambuliko wa Kiswahili zinaruhusu umbo kujirithi, kama zinavyoruhusu kujipenda na kujikopesha, lakini umbo hilo halikuwahi kuhitajiwa na yeyote. Labda ni hapa litakapopata kazi yake ya kwanza, nayo si kazi ya fahari.

Jambo moja katika utaratibu huu ni zito kwa warithi wa kweli. Mnyama alipokuwa wa mhusika, swali lilikuwa juu ya mnyama. Alipokuwa wa akaunti, swali likawa juu ya akaunti, na akaunti, kwa mujibu wa mkataba wa kampuni ya Blizzard, si ya mchezaji. Mchezaji amepewa leseni, na leseni hiyo haikabidhiwi kwa mwingine.

Mahakama na maana mbili za kurithi

Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Rufani ya Uholanzi iliamua shauri la vijana wawili waliompiga na kumtishia mvulana wa miaka 13 mjini Leeuwarden mwaka 2007, wakamlazimisha kuwaachia hirizi na kinyago alivyokuwa navyo katika RuneScape. Utetezi ulisema vitu hivyo si vitu. Mahakama ikaona kwamba vilikuwa na thamani kwa mwenyewe kwa ajili ya muda na juhudi alizozitumia, kwamba yeye peke yake alikuwa na mamlaka navyo, na kwamba mamlaka hayo yalimtoka. Kwa hiyo viliibwa. Ni hoja ya maana ya kwanza. Kinachoweza kutoka mkononi kwa wizi, mtu angedhani, chaweza pia kutoka kwa urithi.

Makampuni hayakuifuata hoja hiyo. Mwezi Mei 2024 kampuni ya Valve, yenye duka la michezo la Steam, ilipoulizwa kama akaunti inaweza kuachwa kwa wosia, ilijibu kwamba haiwezi. Jibu hilo liliwakasirisha wengi, ingawa halikuwa na jipya: aliyekuwa na leseni hana mali, na asiye na mali hana cha kurithisha. Ndani ya maana ya kwanza, kampuni ina hoja.

Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliingia kwa mlango mwingine. Msichana wa miaka 15 alikufa mjini Berlin mwaka 2012, na wazazi wake wakaomba kufunguliwa akaunti yake ya Facebook ili wajue kama kifo chake kilikuwa ajali. Tarehe 12 Julai 2018 mahakama iliwapa haki hiyo. Haikusema kwamba akaunti ni mali. Ilisema kwamba mkataba kati ya msichana na kampuni umepita kwa warithi pamoja na haki na wajibu wake, kama barua na shajara zipitavyo. Wazazi hawakupokea kitu. Waliingia pale alipokuwa mtoto wao. Hii ni maana ya pili, ya kiti na ukadhi. Kampuni ilipowapa kifaa cha kuhifadhia data chenye faili moja la kurasa zaidi ya 14,000, mahakama ilirudi mwaka 2020 ikasema hiyo haitoshi: warithi wana haki ya kuingia na kutazama kama alivyotazama mwenye akaunti, ingawa si kuitumia kana kwamba wao ndiye.

Uamuzi huo haukuhusu mchezo, na kuupeleka huko moja kwa moja kungekuwa haraka. Lakini unadhihirisha kwamba sentensi "akaunti si mali, kwa hiyo hairithiwi" ina pengo katikati. Anayeisikia kwa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuliona pengo hilo, kwa kuwa amekwisha kusikia tangu utotoni kwamba mtu hurithi ukadhi, na ukadhi hauwi mali ya mtu. Na tofauti ya faili na akaunti, kwa aliyefuga, haihitaji maelezo: picha elfu moja za mbwa hazijibu anapoitwa.

Mtego wa neno isiyohamishika

Mikataba ya michezo hii haijaandikwa kwa Kiswahili. World of Warcraft yenyewe hutolewa kwa lugha za Ulaya na Asia ya Mashariki, na mchezaji wa Dodoma au Kisumu huikubali katika Kiingereza. Tafsiri zitakuja, nyingine zikifanywa na mashine, na hapo pana hatari moja ya wazi.

Mikataba husema kwamba akaunti haiwezi kuhamishwa kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Mfasiri mwepesi ataandika akaunti isiyohamishika. Lakini katika Kiswahili cha sheria, mali isiyohamishika ni ardhi na majengo, yaani kile hasa ambacho mahakama za mirathi hukishughulikia kabla ya kingine chochote. Mjane atakayeisoma sentensi hiyo atafahamu kinyume kamili cha ilivyokusudiwa: ataona kwamba akaunti ya mumewe imewekwa daraja moja na nyumba. Umbo linalotakiwa ni lile la kutendeka lililounganishwa na kusababisha, isiyorithishika, au kwa urefu zaidi na usalama zaidi, isiyoweza kukabidhiwa mtu mwingine wakati wa uhai wala baada ya kifo. Urefu si aibu katika mkataba.

Vivyo hivyo, kuandika kwamba mchezaji anamiliki mnyama wake, kisha chini kidogo kwamba amepewa leseni, ni kuandika mambo mawili yasiyokaa nyumba moja. Kitenzi cha kweli kipo: mchezaji anamfuga mnyama. Kufuga hakudai milki. Mchungaji wa mshahara hufuga ng'ombe wa tajiri, huwajua kwa majina na rangi, na siku akiondoka huondoka na fimbo yake tu. Kampuni iliyoandika kufuga itakuwa imesema ukweli mkali, na aliyeusoma atajua mapema kwamba kama anataka joka lake limfikie bintiye, amkabidhi sasa, angali na pumzi za kutamka amri.

Kyle na mbweha

Wapo wanyama wawili wa World of Warcraft waliopitia mlango usiokuwa katika mkataba wowote. Ezra Chatterton, mtoto wa Kimarekani aliyekuwa na uvimbe katika ubongo, alialikwa katika ofisi za Blizzard mwaka 2007 kwa msaada wa shirika la Make-A-Wish. Alishiriki kubuni kazi moja ya mchezo na akatoa sauti ya mhusika wake, mzee Ahab Wheathoof, anayewaomba wapita njia wamtafutie mbwa wake Kyle. Ezra alifariki mwezi Oktoba 2008 akiwa na miaka 11. Mbwa bado hupotea. Mchezaji mgeni hutafuta nyama, humlisha, na Kyle hurudi kwa mzee.

Mats Steen wa Norwei aliugua tangu utotoni ugonjwa wa Duchenne wa kudhoofika misuli, akafariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walidhani aliishi peke yake. Baba alipotangaza kifo hicho katika ukurasa wa mwanawe, barua zikamiminika kutoka nchi mbalimbali za watu waliomjua kwa jina la Ibelin, na baadhi yao wakasafiri kwenda mazikoni. Filamu ya maisha yake ilionyeshwa mwaka 2024, na mwishoni mwa mwaka huo Blizzard ilitoa mnyama mdogo wa kumkumbuka, mbweha aliyebeba mkoba mgongoni, fedha za mauzo yake zikielekezwa kwa shirika la kupambana na ugonjwa huo. Anaitwa Reven. Katika Kinorwei neno hilo ni mbweha pamoja na kiambishi tamati cha kudhihirisha, yaani mbweha yule anayejulikana.

Kitenzi gani kinawafaa wanyama hawa? Kyle hana mrithi, kwa kuwa kila anayemlisha humrudisha. Neno wakfu linakaribia: kitu kilichofungwa kisiuzwe wala kisirithiwe, manufaa yake yakiendelea kwa watu. Lakini wakfu katika sheria una nia ya ibada na msimamizi anayewajibika, na hapa msimamizi ni kampuni inayoweza kuzima mitambo yake siku yoyote. Ni afadhali kulitumia kwa tashibihi tu. Reven ameuzwa, na kila aliyemnunua ana wake, asiyekuwa wa mwingine na asiyepungua kwa kugawanywa, jambo ambalo hesabu za mafungu ya mirathi hazikuandaliwa kulishughulikia.

Kwa Kyle kitenzi kinabaki kilekile cha kufuga, katika nusu yake ya pili. Wanaompelekea nyama wengi wao hawakupata kusikia jina la Ezra, na katika mji wa Thunder Bluff, mahali waendapo wakishamaliza kazi hiyo, husimama mzee mwingine aitwaye Ezra Wheathoof, ambaye hupitwa bila kuulizwa habari za mbwa.